Kuitambua ndago ya mlimani: kutoka kinamasi cha Mlima Kenya hadi karatasi ya hebaria

Ukipanda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru, msitu ukishaisha juu ya Kituo cha Hali ya Hewa, kilicho kwenye mwinuko wa karibu mita 3,050, unaingia katika kinamasi cha mteremko ambacho kila mpagazi wa njia hiyo anakijua kwa matope yake. Macho ya wengi huvutwa na lobelia na senesio kubwa. Yale majani membamba yaliyosongamana katika vishungi chini yake hukanyagwa na kuitwa nyasi. Mengi yake si nyasi. Ni mimea ya familia ya ndago, Cyperaceae, na miongoni mwake imo Carex monostachya, ndago ya vinamasi vya baridi ambayo Mfaransa Achille Richard aliipa jina kwa kutumia mimea iliyokusanywa Ethiopia, na ambayo huota pia katika milima mirefu ya Afrika Mashariki.

Mwongozo huu unaifuata ndago hiyo moja tangu kinamasini hadi ipate jina linaloweza kutetewa. Hatua zenyewe utaweza kuzitumia kwa ndago yoyote ya mlimani, iwe ya Elgon, Kilimanjaro au Ruwenzori. Vinamasi vya Mlima Kenya hulisha vijito vinavyoingia Tana na Ewaso Ng'iro, na anayetaka kujua kama vinabadilika lazima kwanza ajue kwa hakika ni mmea gani umeota wapi. Jina la kukisia halimsaidii mtu.

Kabla ya kupanda

Eneo hilo ni hifadhi ya taifa tangu 1949, kwa hiyo usichume hata jani moja bila kibali. Kwa Kenya, anza na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kisha ruhusa ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Ukikusudia kuchukua vipande vya DNA, utahitaji pia kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, cha kutumia rasilimali za kijenetiki. Tanzania utaanzia COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), Uganda utaanzia Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia na Mamlaka ya Wanyamapori. Anza mapema. Hebaria nyingi, yaani maghala ya mimea iliyokaushwa kwa ajili ya utafiti, hazipokei sampuli isiyo na nambari ya kibali, nazo zina haki.

Vifaa ni vichache: lenzi ya mkono ya kukuza mara 10 (ya mara 20 ni bora zaidi kwa ndago), wembe mpya, rula yenye milimita, kisu kirefu au sururu ndogo, magazeti ya zamani, fremu ya mbao yenye mikanda ya kukandamizia, bahasha za karatasi, penseli na daftari. Kalamu ya wino huganda au kuvujisha wino kwenye baridi na mvua, penseli haikuangushi. Ongeza mavazi mazito na ya kuzuia mvua. Juu ya mita 3,500 jua la mchana huunguza na usiku ardhi hushika barafu, na mwenzako akianza kuumwa kichwa, kutapika au kuyumba, mteremsheni siku hiyo hiyo. Ndago itakuwepo mkirudi.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni ndago

Chagua bua moja lenye suke na ulibiringishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Ndago nyingi zina bua lenye pembe tatu, na utazihisi pembe hizo hata kwa vidole vilivyokufa ganzi. Usiishie hapo lakini, maana ziko ndago zenye bua la mviringo. Likate kwa wembe: bua la ndago kwa kawaida limejaa ndani na halina vifundo vilivyovimba. Bua la nyasi kwa kawaida ni tupu ndani na lina vifundo.

Kisha litazame bua kwa juu. Majani ya ndago yamepangwa katika safu tatu, ya nyasi katika safu mbili. Mwisho, vuta taratibu ala ya jani, yaani ile sehemu ya chini inayolizunguka bua. Ya ndago imefunga pande zote na itachanika ukiilazimisha, ya nyasi nyingi imepasuka upande mmoja na inafunguka yenyewe.

Katika kinamasi hiki utakutana na vishungi vya Festuca pilgeri, ambayo ni nyasi halisi na ndiyo inayowachanganya wengi kwa mbali. Utakutana pia na Luzula abyssinica. Hii inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu ala zake nazo zimefunga kama za ndago. Tofauti iko kwenye ua. Luzula ina vipande sita vidogo vilivyolizunguka ua kama nyota, na tunda linalopasuka na kutoa mbegu tatu. Ndago haina ua la namna hiyo kamwe. Kila ua lake limekaa kwapani mwa gamba moja.

Hatua ya pili: hakikisha ni Carex

Wengi wetu tunaijua familia hii kwa ndago ya shambani, Cyperus rotundus, inayomchosha mkulima kwa viazi vyake vya chini ya ardhi, na kwa mafunjo ya mabwawani, ambayo nayo ni Cyperus. Katika jenasi hiyo, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, ukifungua gamba moja unakuta stameni (viungo vya kiume vyenye chavua) na ovari (kiungo cha kike kinachobeba mbegu) pamoja. Ua ni la kiume na la kike kwa wakati mmoja.

Carex imetenganisha. Gamba moja lina stameni peke yake, kwa kawaida tatu, gamba jingine lina ua la kike peke yake. Na ua hilo la kike limefunikwa na kifuko kidogo kilichoshonana pande zote isipokuwa tundu la nchani, ambamo stigma, yaani vijiuzi vya kike vinavyopokea chavua, hutokezea. Ndani ya kifuko ndimo hukua tunda dogo gumu lenye mbegu moja. Ukikiona kifuko hicho, umefika kwenye Carex. Usipokiona, angalia upya kabla ya kusonga mbele. Isolepis fluitans, inayoelea kwenye vidimbwi vya kinamasi hicho hicho, ni ndago isiyo na kifuko, na sampuli zake huingia kimakosa katika bahasha za Carex.

Hapa kuna jambo ambalo vitabu vya zamani vitakuficha. Hadi 2015, mimea ya milimani iliyoitwa Schoenoxiphium ilihesabiwa kuwa jenasi ya peke yake, kwa sababu ndani ya kifuko chake kuna kijiti kinachochomoza nje, mara nyingine kikibeba maua ya kiume. Mwaka huo kundi la wataalamu wa dunia nzima wa jenasi hii lilipendekeza, kwa ushahidi wa DNA, kwamba Schoenoxiphium, Kobresia, Uncinia na Cymophyllus ziingizwe zote ndani ya Carex. Kwa hiyo ukiona kijiti kinachopita kifuko, hiyo bado ni Carex, ingawa kitabu ulichoshika kinaweza kukupa jina jingine.

Hatua ya tatu: tafuta mmea uliokomaa, na uung'oe wote

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Mtu anachuma masuke matatu mazuri, anayabana kwenye daftari, anashuka nayo mjini, na hakuna anayeweza kumwambia lolote. Ndago isiyo na vifuko vilivyokomaa haina jina, na ndago isiyo na kitako ina nusu ya jina.

Kuhusu ukomavu: suke changa lina stigma mbichi nyeupe na vifuko laini vilivyobana kwenye bua. Suke lililokomaa lina vifuko vilivyotanuka, na ukikisugua kimoja kwa kidole kinaachia bila kuvutwa. Hicho ndicho unachokitaka, ila chukua na machanga pia kutoka kishungi hicho hicho, kwa sababu stigma na stameni hudondoka mapema na utazihitaji. Juu kule misimu haitawali mmea kama mabondeni, kwani kila usiku ni wa baridi kali na kila mchana una joto lake, na mara nyingi utapata suke changa na suke pevu hatua chache tu kutoka moja hadi jingine. Usikate tamaa kwenye kishungi cha kwanza.

Kuhusu kitako: ingiza kisu hadi chini na utoe sehemu ya kishungi pamoja na mizizi yake. Unataka kujua kama mashina yanaota kwa kusongamana na kujenga kishungi, au kama kuna shina linalotambaa chini ya ardhi na kutoa machipukizi mbali mbali. Carex monostachya hujenga vishungi. Angalia rangi ya ala za chini kabisa, na kama zimechakaa na kubaki nyuzinyuzi. Osha matope kwenye kijito palepale, maana yakikauka kwenye karatasi hayatoki tena. Toa kipande cha kutosha, si kishungi kizima. Vishungi vya vinamasi hivi huota polepole, na pengo utakaloliacha litakaa wazi kwa miaka.

Andika palepale, kabla ya kuondoka: mahali na vipimo vya GPS, mwinuko, tarehe, majina ya waliochuma, nambari yako ya sampuli. Kisha andika yale ambayo karatasi haitayahifadhi: maji yamesimama au yanatiririka, kishungi kina kimo gani, jirani zake ni nani. Mstari kama “kinamasi chenye maji yanayojipenyeza, pamoja na Lobelia na Dendrosenecio keniensis” una thamani kubwa kwa atakayesoma miaka hamsini baadaye. Chukua sampuli tatu au nne kutoka kishungi kimoja chini ya nambari moja, ili nakala ziweze kugawiwa.

Kwa ajili ya DNA, kata vipande vya jani bichi safi, uviweke kwenye bahasha ndogo ya karatasi, na bahasha hiyo uizike ndani ya chembechembe za silika zinazonyonya unyevu. Jani likikauka haraka DNA hubaki nzima.

Hatua ya nne: kukandamiza na kukausha

Karatasi ya hebaria ina urefu wa takriban sentimita 42 na upana wa sentimita 28. Mmea ukizidi, ukunje kwa pembe kali kama herufi V au N, usiukate. Laza masuke yaonekane pande zote mbili. Badilisha magazeti kila siku, na siku mbili za mwanzo mara mbili kwa siku kama unaweza. Kambini juu, ambako hewa ina unyevu, hili ni la lazima: ndago iliyoota ukungu hupoteza magamba. Vifuko vinavyodondoka vikusanye kwenye bahasha yenye nambari ile ile. Bahasha hiyo ndogo mara nyingi ndiyo itakayoamua jina.

Hatua ya tano: lisome suke

Sasa umekaa mezani, pana mwanga, ikiwezekana pana hadubini ya kukuza vitu vizima. Kama sampuli imekauka, chemsha vifuko vichache kwenye maji yenye tone la sabuni kwa dakika moja au mbili vilainike.

Anza na idadi ya masuke juu ya bua. Hapa Carex monostachya hujitenga haraka na jirani zake wengi, kwa kuwa ina suke moja tu nchani mwa bua, na ndani ya suke hilo maua ya kiume yako juu, ya kike chini. Carex johnstonii na Carex bequaertii, ambazo nazo ni za milima yetu, zina masuke mengi kwenye bua moja. Ukihamia Ruwenzori, kwenye vinamasi vya Bigo na bonde la Bujuku, utakutana na Carex runssoroensis, inayojenga vishungi vinavyoweza kukaribia kimo cha mita moja, hivyo ambavyo wapandaji walikuwa wakirukia kimoja hadi kingine kabla ya kujengewa njia za mbao. Kwa mbali vishungi vyake na vya monostachya vinafanana, ukilishika suke huwezi kuvichanganya tena, kwa sababu la runssoroensis lina matawi.

Jihadhari: bua lililoliwa na panya au kuvunjika linaweza kubaki na suke moja ambalo si la asili yake. Hesabu kwenye mabua mengi ya kishungi hicho hicho.

Baada ya hapo hesabu stigma. Ni mbili au tatu? Kama zimeshadondoka, kata tunda la ndani kwa wembe: lenye pembe tatu lilikuwa na stigma tatu, lililo bapa lilikuwa na mbili. Kanuni hii inashika karibu daima, na imeniokoa mara nyingi na sampuli za zamani zilizochakaa.

Mwisho, kifuko chenyewe. Pima urefu pamoja na mdomo wake, kisha mdomo peke yake. Andika kama mdomo umegawanyika nchani au umekatika sawasawa, kama mishipa inaonekana wazi au imefifia, kama kuna vinywele na viko wapi, na kama gamba ni refu au fupi kuliko kifuko. Pima vifuko kumi kutoka masuke tofauti, uandike kidogo kabisa na kikubwa kabisa. Kipimo cha kifuko kimoja kinakudanganya, na funguo za utambuzi, yaani mfululizo wa maswali yanayokufikisha kwenye jina, zimeandikwa kwa kuanzia na kuishia.

Hatua ya sita: tembea na ufunguo

Kwa Kenya, Uganda na Tanzania, kitabu cha msingi ni juzuu ya Cyperaceae ya Flora of Tropical East Africa, iliyotoka 2010. Mradi wenyewe ulianza kuchapishwa 1952 na ukakamilika 2012. Kila swali la ufunguo lina pande mbili, zisome zote mbili hata kama wa kwanza umekupendeza. Ukifika pasipo na jibu, fuata njia zote mbili, kisha linganisha maelezo kamili ya spishi mbili ulizozipata na vipimo vyako. Na ukumbuke kwamba juzuu hiyo ilitangulia mabadiliko ya 2015, hivyo bado inaitenga Schoenoxiphium.

Ufunguo ukishakupa jina, usiliamini bado. Nenda hebaria. Ya Afrika Mashariki iko Nairobi, katika Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Makerere wana yao, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina yake, na Arusha ipo Hebaria ya Taifa ya Tanzania. Omba folda nzima ya spishi uliyoifikia na folda za ndugu zake wa karibu, uweke sampuli yako kando ya nyingine moja moja. Unachotafuta ni kama mmea wako unakaa ndani ya tofauti zao za kawaida. Ukiona unatoka nje kwa jambo moja, rudi kwenye kipimo hicho. Ukitoka nje kwa mambo matatu, rudi mwanzo wa ufunguo.

Hatua ya saba: iweke mahali pake katika ukoo

Kutambua ni kujua mmea ni upi, kuainisha ni kujua una undugu na nani. Ngazi za juu ni rahisi: oda ya Poales, pamoja na nyasi, familia ya Cyperaceae yenye spishi takriban 5,500, jenasi ya Carex, iliyobatizwa na Linnaeus 1753, yenye spishi karibu 2,000. Ugumu uko kati ya jenasi na spishi.

Mwaka 1909 Mjerumani Georg Kükenthal aliigawa Carex katika jenasi ndogo nne, na moja kati ya hizo, Primocarex, ilikusanya ndago zenye suke moja. Mpangilio huo ulionekana wa busara na ulitumika kwa miaka mingi. Hata hivyo DNA imeonyesha kwamba hali ya suke moja imejitokeza mara kadhaa, katika koo tofauti, kwa masuke ya pembeni kupungua hadi kutoweka. Ndago mbili zenye suke moja zinaweza kuwa mbali sana kinasaba, na mojawapo ikawa ndugu wa karibu wa ndago yenye masuke kumi. Mpangilio uliochapishwa 2021 una jenasi ndogo sita: Siderosticta, Psyllophorae, Carex, Vignea, Uncinia na Euthyceras. Primocarex haimo.

Maana yake kwako ni hii: suke moja linakusaidia sana kutambua, lakini usilitumie kuamua undugu. Kwa undugu soma vipande vya DNA ambavyo watafiti wa Carex wamekubaliana kuvitumia, hasa ITS, ETS na matK, ili matokeo yako yalinganishwe na ya wengine. Idadi ya kromosomu nayo haitoshi. Kromosomu za Carex hazina kiungo kimoja cha kushikia wakati seli inapogawanyika. Zinashikwa kwa urefu wake wote, na kwa hiyo zinaweza kukatika au kuungana bila mmea kufa. Ndiyo sababu hesabu katika jenasi hii inaanzia 10 na kufika zaidi ya 130, na hata ndani ya spishi moja inaweza kutofautiana.

Hatua ya nane: lebo

Andika jina kamili pamoja na ufupisho wa aliyelitoa: Carex monostachya A.Rich. Chini yake weka jina la aliyetambua na mwaka. Kama una shaka, weka “cf.”, yaani “linganisha na”, kabla ya jina la spishi. Wasomaji wa lebo wanaelewa maana yake na watakuheshimu kwa kuiweka. Karatasi moja ibaki katika hebaria ya nchi mmea ulikotoka, nakala nyingine zigawiwe kwa hebaria nyingine, na kama inakwenda nje ya Kenya ipitie kwanza KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, kupata cheti cha afya ya mimea.

Siku nyingine utafungua folda na kukuta sampuli ya mtu mwingine imeandikwa jina ambalo una hakika si lake. Usiifute lebo ya zamani wala usiibandue. Bandika kando yake karatasi ndogo yenye jina unaloliona sahihi, jina lako, mwaka, na kama nafasi ipo, sifa iliyokufanya ubadilishe: “suke moja, kiume juu” inatosha.